Mwanamke wa Maji ya Moto ya Baushar

Haya sikusimuliwa na mtu. Yamenipata mwenyewe, mwaka jana, hapahapa Maskati, na mama yangu mzazi ndiye shahidi. Ukitaka kucheka cheka sasa hivi, maana tukifika katikati hutaweza. Mie nasomesha kemia, nakaa Al Khoudh, wala si mtu wa kuona majini kila penye kiza. Ila nna ugonjwa mmoja tangu utotoni: kuuliza. Mama hunambia, "Wewe ukifika kaburini utawauliza Malaika maswali kabla hawajakuuliza wao."

Basi, mama ana magoti. Watu wazima wenzangu mnanielewa nnaposema ana magoti. Daktari wake kule Khuwair alimshauri akae kwenye maji ya moto, nami nikaikumbuka nyumba mpya ya wageni iliyofunguliwa Baushar, chini ya mlima, penye chemchemi. Mwenyewe ni bwana wa hapahapa aliyeishi Japani miaka, akarudi na mapenzi ya mambo ya huko. Kaijenga kama nyumba za huko: sakafu za mikeka minene, milango ya mbao na karatasi ya kusukuma kando, majoho ya pamba ya kuvaa ukitoka kuoga, na mabirika makubwa ya kuogea ya mawe meusi yanayopokea maji moja kwa moja kutoka ardhini. Fahari tupu, na kimya ambacho mjini hukipati.

Nyuma ya ua lipo kaburi kongwe la bibi mmoja mchamungu. Zamani wanawake wa kijiji walikuwa wakienda kufukiza ubani pale. Mwenye nyumba hakuthubutu kuligusa. Kaupinda ua ukalizunguka.

Siku ya kwanza, baada ya Alasiri, mama alijilaza. Mie nikachukua taulo kwa Nakato, msichana wa Kiganda anayehudumia upande wa wanawake.

"Leo wageni ni nyinyi wawili tu, madam," alinambia. "Birika lote ni lako."

Nikaingia. Mvuke umetanda, na pembeni kabisa, chini ya ukuta unaoelekea kaburini, kakaa mwanamke ndani ya maji. Kijana, hajafika thalathini, kajifunga kanga kifuani. Nikadhani Nakato kakosea hesabu ya wageni. Nikamsalimu kwa Kiarabu, naye akanijibu kwa Kiswahili. Kiswahili cha Unguja hasa, kile cha bibi zetu, ambacho vijana wa hapa hawanacho tena.

"Nyie mmekuja na kundi gani?" akaniuliza.

"Kundi gani la nini?"

"La kutoka Unguja."

Nikacheka. Nikamwambia mie nimezaliwa hapa, natoka Al Khoudh.

"Al Khoudh?" Naye akacheka. "Huko kuna nini zaidi ya mbuzi?"

Niamini, hata hapo sikuogopa. Nilijua tu kwamba nataka kujua zaidi. Al Khoudh ya leo imejaa majumba na wanafunzi. Nani asiyejua hilo? Nikasogea karibu nimtazame vizuri. Alikuwa na mwanya, na kovu dogo kidevuni. Mimi nilikuwa natiririka jasho kwa ule mvuke, uso wake yeye mkavu kama katoka kujipaka poda. Nikasogea tena kidogo, na hapo mguu wangu ukaingia kwenye baridi.

Sisemi vuguvugu. Nasema baridi ya maji ya kisimani alfajiri, mwezi wa Januari. Nikaurudisha mguu nyuma: moto. Nikaupeleka mbele: baridi. Maji mamoja, birika moja, na hakuna chochote kinachoyatenga. Unadhani nilitoka? Nilikaa pale nikipeleka mguu na kuurudisha kama mtoto, nikitafuta sababu. Mkondo wa chini? Bomba? Nilipoinua kichwa kumuuliza kama na yeye anaisikia baridi ile, pembeni hapakuwa na mtu. Mlango ni mmoja, nami nilikuwa kati yake na mlango.

Nikamuuliza Nakato. Akawa anakunja taulo wala hakuniangalia.

"Mimi jioni huwa siingii huko, madam. Maji ya moto halafu unatetemeka? Nikaona khalas, basi tena, nitafagia asubuhi jua likishatoka."

Chakula cha usiku kililetwa chumbani, vijisahani vingi kama vya mtoto anayecheza kipikapika. Mama akainua kipande cha samaki. "Huyu kasahauliwa kupikwa," akasema. Nikacheka, nikamhadithia yule mwanamke wa birikani. Nilipofika kwenye mwanya na kovu la kidevuni, akakirudisha kile kipande sahanini taratibu.

"Kovu upande gani?"

"Kushoto."

Mama akakisogeza chakula kando. Kisha akanihadithia jambo ambalo sijapata kulisikia nyumbani kwetu hata siku moja.

Alikuwa na binti ammi yake, Zuwena, wakilingana umri. Walirejea Oman pamoja kutoka Unguja, zama zile watu wetu wakirudi huku makundi kwa makundi, wasichana wote wawili, wakakaa Baushar kwa jamaa. Jioni moja Zuwena alikwenda na mama yake kuoga chemchemini. Usiku ule homa ikamshika, na kabla ya adhuhuri akawa kafa. Mama yangu mwenyewe alikuwamo katika kumuosha. Akazikwa. Lakini watu wa kijiji wakaanza kunong'ona kwamba yule hakufa, yule ni mughayyab. Hao, kwa wanavyoamini hapa, ni watu waliochukuliwa na wachawi na kufichwa, na kinachozikwa ni sura tu. Sisi Unguja tungesema kafanywa msukule. Mama yake Zuwena akayashika maneno hayo. Ikawa kila magharibi huenda chemchemini na nguo kavu, humwita, humngoja, hurudi nazo. Hakukubali kumsomea khitma, maana vipi utamsomea mtu aliye hai? Hata alipofariki yeye, hakuna katika familia aliyethubutu kumtaja Zuwena kwa neno marehemu.

"Kesho ntakwenda mie," mama akasema.

"Na akiwepo?"

"Wazee wakisema ukimwita aliyefichwa kwa jina lake, ama atakufuata nyumbani kwako, ama atakwenda zake. Wewe huna hiari."

"Na uende hivyohivyo?"

"Hebu lala," akanambia.

Baada ya sala ya Alfajiri, mbingu imeshaanza kuwa nyeupe juu ya mlima, nikamshika mkono tukateremka. Alikuwepo, palepale. Mama akaingia majini na magoti yake yale, ngazi kwa ngazi, mie hatua moja nyuma yake nimemshika mkono, mpaka akamkaribia. Nikaona mwili unamsisimka, nikajua kaingia kwenye baridi.

Yule mwanamke akamtazama mama yangu, mwenzake waliyelingana umri, akaona kizee.

"Shikamoo, bibi," akasema.

Vidole vya mama vikanibana mkono.

"Marahaba, mwanangu."

"Bibi, hukumuona mama yangu? Kanambia nimngoje hapa, anakuja na nguo kavu."

"Alikuja," mama akajibu. "Akija kila magharibi na nguo mkononi. Hamkujaaliwa kuonana tu."

"Yuko wapi sasa?"

"Katangulia mbele ya haki. Na wewe nenda ukamkute. Nenda, Zuwena binti Khamis."

Yule mwanamke akalirudia jina lile polepole, kama mtu anayeonja kitu alichokila utotoni. Akamwangalia mama. "Sauti yako naijua," akasema. Mama akamwambia tena, "Nenda." Zuwena akasimama, akatoka majini, akapita mlangoni, akaelekea kwenye ua kule unakopinda kaburini. Na mie, na ugonjwa wangu, nikatoka mbio nyuma yake. Ua nikaukuta mzima, hauna mlango wala upenyo. Ng'ambo yake ukuta wa chokaa wa lile kaburi, na mawe aliyoyakanyaga yote makavu, hakuna hata tone. Nyuma yangu nikasikia mama anapiga kelele, "Nitoe, yananiunguza!" Birika lote lilikuwa moto, pembe kwa pembe.

Tangu siku ile mama hana maumivu ya magoti. Anapanda ngazi kunipita mie. Lakini kuanzia magotini kushuka chini miguu yake ni baridi, na katika joto la Agosti, Maskati hii unayoijua, huivalisha soksi za sufu. Tumekwenda kwa madaktari, wamepima damu na mishipa, hawajaona kitu. Ijumaa iliyofuata tulisoma khitma nyumbani Al Khoudh, na mama mwenyewe akasema mbele ya watu wote, "Ni ya marehemu Zuwena." Jamaa wakubwa wakatazamana, kisha wakaitikia dua.

Nilimuuliza, bila shaka nilimuuliza: mbona hukumwambia wewe ni nani? Akanitazama kama mimi ndiye mtoto wa jana. "Angeniuliza miaka yote ile imekwenda wapi. Nngemjibu nini?"

Kwa hiyo wewe unayenisikiliza, nenda kaoge maji ya moto, ni dawa kweli. Lakini mguu wako ukiingia kwenye baridi na ukakuta mtu kakaa pale, usifanye nilivyofanya mie, usimsogelee kumchunguza. Kama unamjua, mpe jina lake na habari ya kweli, umuache aende. Kama humjui, mwitikie salamu yake, utoke.