Matawi ya Njia Panda

Nakumbuka siku moja ya kipupwe... hebu kaa kwanza, mwanangu, weka hiyo pampu chini, baiskeli haiondoki bila wewe. Nimesikia kesho asubuhi wewe na wenzako mnatoka Bagamoyo kwa baiskeli, mpite njia za msituni mpaka Kiwangwa. Nilipoambiwa, moyo uliniruka! Laiti magoti yangekuwa kitu cha kuazimwa, ningeazima mawili kwa jirani nikafuatana nanyi. Hayaazimwi. Basi chukua maneno.

Siku hiyo nilikuwa msichana wa miaka kumi na saba kule Mlingotini, na nilikuwa na baiskeli. Mjomba alinipa, akanifundisha kuiendesha ufukweni maji yakishakupwa, mchanga ukiwa mgumu. Baba hakupenda. Alisema mtoto wa kike juu ya baiskeli anajitafutia maneno ya watu. Mama akambembeleza mpaka akatoa sharti: niende nayo Kiwangwa kwa shangazi pamoja na kaka zangu wawili, Kondo na Shabani, nilale huko, kesho yake nirudi. Nikienda na kurudi salama, baiskeli ni yangu. Nikipotea, au nikiletwa nyumbani juu ya keria ya mtu, baiskeli ni ya Shabani. Shabani aliposikia hivyo akatafuta kitambaa, akaanza kuifuta vumbi. Mpuuzi yule!

Tuliondoka baada ya swala ya alfajiri. Mwanangu, utamu wa safari ile sijui nikusimulie vipi. Ukishaipita Fukayosi ukaiacha barabara kubwa, njia inaingia chini ya miti, udongo mwekundu umelowa umande, na matairi hayatoi sauti ila yanapopita juu ya majani makavu. Hondohondo wanapiga makelele huko juu. Mbega wanaruka na mikia yao myeupe, nawe unapita chini yao kama mgeni aliyekaribishwa. Penye mteremko niliachia pedeli, nikainua miguu, nikapiga vigelegele peke yangu. Nilicheka mpaka meno yakajaa vumbi.

Sasa, kuna jambo tulilolelewa nalo. Mkienda msituni zaidi ya mmoja, aliye mbele akifika penye njia panda hukata tawi bichi, akalilaza kwenye njia msiyoifuata. Tulikuwa tukisema amefunga njia. Wa nyuma akiliona tawi, anajua kwamba njia si hiyo. Njia panda ya kwanza kaka zangu waliifunga vizuri. Kisha wakaanza kushindana mbio, wakasahau dunia.

Mimi mnyororo ukanichomoka. Nikashuka, nikahangaika nao, mikono ikawa myeusi hadi viwikoni. Nilipoupata, kaka zangu hawaonekani wala hawasikiki. Asiyekuwepo na lake halipo, mwanangu. Nikapiga kengele, msitu ukanyamaza. Sikuogopa chui, nilimwogopa Shabani na kile kitambaa chake. Niliiona baiskeli yangu ikiondoka hivi hivi natazama.

Nikaendesha taratibu hadi karibu na Kiwangwa, mahali njia inapogawanyika mara tatu. Na tazama! Njia mbili zilikuwa zimefungwa, matawi mabichi kabisa, utomvu ungali unachuruzika. Kumbe wamenikumbuka! Nikakanyaga pedeli kwa nguvu zote, nikashika ile ya tatu.

Mbele kidogo nikamkuta mzee anasukuma baiskeli iliyopakiwa mihogo, panga limechomekwa kwenye kamba za gunia.

"Shikamoo, babu!"

"Marahaba, binti. Wewe ndiye wa mwisho?"

"Ndimi, babu."

"Alhamdulillahi. Haya pita, mwanangu."

Nikaliona swali la ajabu, lakini furaha haina subira. Nikapiga kengele, nikapita.

Kwa shangazi niliwakuta kaka zangu wanageuza baiskeli zao warudi kunitafuta. Nanasi limekatwa, halijaguswa. Shangazi anawasema, Kondo ameshika kichwa.

"Ahsanteni kwa matawi," nikawaambia. "Bila hayo ningepotea."

"Matawi gani?" Kondo akauliza.

Kabla sijamjibu, yule mzee wa mihogo akatokea njiani, akapiga hodi, akasalimiwa. Hakupandisha sauti.

"Nilikuwa nimepumzika pale njia panda mlipopita," akawaambia. "Nikawauliza, mko wawili tu? Mkanijibu huku mnakwenda, tuko watatu. Nikangoja mshuke mfunge njia. Hamkushuka. Mbio mnazo, wajukuu zangu, hongereni. Lakini wa mbele hajafika mpaka wa nyuma afike."

Kondo aliinama. Shabani, ambaye ningepotea yeye angepata baiskeli, ndiye aliyelia. Alilia hasa, mtu mzima yule na ndevu zake zinaanza, na hapo ndipo nilipojua kaka yangu ananipenda. Mzee alikula kipande kimoja cha nanasi, akashukuru, akaendelea na mihogo yake. Tenda wema nenda zako, wanasema watu; yeye alikwenda zake kweli, hata jina hatukumuuliza.

Kesho yake kaka zangu wakaniweka mbele. Kila penye njia panda nilishuka, nikakata tawi, nikafunga njia. Gurudumu la Shabani lilikuwa karibu kunigonga.

"Unamfungia nani," akalalamika, "na sisi tuko hapa mgongoni mwako?"

"Simjui," nikamwambia. "Babu naye hakunijua mimi."

Nyumbani baba aliizunguka ile baiskeli, akaigusa usukani, akasema tu, "Isilale nje, itapata kutu." Nilicheza uani mpaka mama akanifukuza.

Kwa hiyo, mwanangu, kesho simu zenu zitawaonyesha njia, na si vibaya. Ila simu haijui mnyororo wa nani umechomoka huko nyuma. Endesheni kwa furaha, pigeni kelele penye mteremko, nakuomba upige na moja ya kwangu! Wasalimieni wote mtakaowakuta, na mkiulizwa jambo, simameni mjibu. Mbio za sakafuni huishia ukingoni. Ukiwa mbele, shuka penye njia panda, geuka, uwatazame wenzako. Asiyeonekana mngoje, au mfungie njia kwa tawi lililokwisha anguka, msije mkaukata msitu wa watu. Na hata mkiwa wote mpo, lilaze tu hilo tawi. Nyuma yenu hamkosi mtu.

Nenda, mwanangu. Mwenyezi Mungu akutangulie kila penye njia panda, afunge njia zote za shari kwa tawi bichi, akuachie wazi ile ya kheri, na ile ya kukurudisha kwangu. Amina.