Kifuniko Kimoja kwa Bidoni Moja

Nakumbuka siku moja kule Mutarule, mwanangu, siku niliyounguza shamba la maharage la mama mkwe kwa mikono yangu hii. Usicheke. Nilikuwa bibi arusi, na bibi arusi hujifanya anajua kila kitu.

Mwaka ule jua lilikuwa kali na udongo wa bonde ulikuwa umejaa chumvi. Agronomu, yaani bwana shamba, alitupa dawa iitwayo seleniamu: kifuniko kimoja cha chupa katika bidoni moja ya maji, lile dumu la kuchotea, unyunyize majani, baada ya wiki tatu, kifuniko cha pili. Kwa kipimo hicho, alisema, mmea huvumilia jua, na madini yale huingia ndani ya punje yakawafaa watoto. Zaidi ya hapo ni sumu. Nilimsikia vizuri. Lakini na bunduki nilizisikia, upande wa Luvungi, nikajiuliza: wiki tatu zijazo tutakuwa bado hapa? Basi nikatia vifuniko vyote viwili kwa pamoja, na cha tatu juu yake.

Siku chache tu, majani yakageuka njano, yakakauka. Maharage yale ndiyo yaliyokuwa mbegu yetu na chakula chetu. Nililia sana.

Mama mkwe aliniketisha kwenye tuta.

“Weye mutoto, iko nini ulifanya?”

“Mama, naliogopa tutakimbia mbele ya kutia dawa mara ya pili.”

Hakunipigia kelele, na hilo liliniuma zaidi. “Vita iko na haraka,” alisema, “lakini jani haina haraka. Minye nimekimbia mara ine, na kila mara nilirudia ku shamba.”

Mstari mmoja ulikuwa umebaki pembeni, pale maji ya dawa yaliponiishia. Aliutunza kwa kifuniko kimoja, na wiki tatu baadaye kingine. Tulivuna bakuli moja. Kisha tukakimbia kweli, tukavuka mpaka pale Kavimvira, naye amefunga mbegu zile kwenye pembe ya kitenge. Alifia ng'ambo, mwanangu. Alinikabidhi kile kitenge fundo halijafunguliwa, ingawa tulikuwa tukishinda na njaa. Mpaka leo namlilia.

Maharage utakayopanda kesho ni ya mstari ule. Mwenda pole hajikwai: hofu isikufanye uimwagie leo fungu la kesho. Pima. Na ukikosea, tafuta mstari uliobaki, uutunze. Kuteleza si kuanguka.

Mungu aliyemlaza mama mkwe mbali na shamba lake akujalie wewe kuvuna ulipopanda.