Chujio la Matusi

Ukitaka kumpata msimamizi wa chumba cha kompyuta katika maktaba ile, usiulize jina. Uliza Bwana Chujio, nawe utaonyeshwa mwanamume mwembamba aliyepiga pasi upande wa mbele tu wa shati, maana, kama asemavyo mwenyewe, mgongo wake hauhudumii wateja. Jina hilo la utani alijipachika yeye, kabla watu hawajampachika baya zaidi.

Chanzo chake ni sheria iliyotaka kila mahali pa umma penye mtandao pawekwe kinga kwa ajili ya watoto. Kamati ya maktaba ilikutana, ikakubaliana kwa kauli moja kwamba matusi yazuiwe. Likabaki swali la nani ayaandike. Mwenyekiti, mama mmoja mwalimu mkuu mstaafu aliyefundisha nusu ya mji, alisema tangu azaliwe hajawahi kusikia tusi. Wajumbe wengine nao wakawa watakatifu ghafla, mmoja baada ya mwingine. Macho yote yakamgeukia msimamizi, kwa kuwa ndiye aliyechelewa kukana.

Akajifungia ndani, akaandika huku ameziba kioo cha kompyuta kwa kiganja kana kwamba marehemu mama yake amesimama nyuma ya kiti. Alidhani angeishiwa baada ya mawili matatu, kumbe alikuwa hazina. Jasho lilimtoka kwa kugundua jinsi alivyosoma. Kisha, kwa kuwa mtu akishapewa rungu hutafuta pa kupiga, akaiamuru programu izuie kila tusi hata likijificha ndani ya neno jingine. Ujumbe wa kumtokea mkosaji aliutunga mwenyewe: "Umeandika matusi. Msimamizi amearifiwa." Aliusoma tena na tena kwa jinsi alivyoupenda.

Wa kwanza kunaswa alikuwa mpwa wake, binti wa dada yake, msichana wa darasa la saba aliyezoea kupitia maktaba akitoka shule. Kengele ililia kwenye meza ya msimamizi. Alipofika alimkuta mtoto amejiziba mdomo kwa mkono, ameduwaa mbele ya mashine. Hakusoma alichoandika. Aliona aibu, na aibu ikamtia haraka. Akaizima mashine, akamwambia mbele ya watu kwamba sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma, na kwamba asionekane pale mpaka ajifunze adabu. Mtoto akachukua mkoba wake, akatoka. Siku ile ile mjomba alimtambia dada yake kwamba yeye kazini hapendelei hata damu yake.

Baada ya hapo walinaswa wengine chungu nzima, naye akawakaripia wote kwa usawa, akijiuliza mji umeharibikiwa lini. Mpaka siku kengele ilipomlilia mwenyekiti. Msimamizi alimwendea mikono nyuma, maana naye aliwahi kuchapwa na mama yule. Kwenye kioo palikuwa pameandikwa: dawa ya kumaliza kiungulia.

"Nionyeshe tusi liko wapi," alisema mwenyekiti.

Hata msimamizi hakuliona. Wakainama wote wawili, wakaikodolea macho sentensi ile, mpaka ikamjia, akatamani ardhi ipasuke immeze. Kulitamka hakuweza. Alinyoosha kidole, akazifunika herufi nne za mwisho za neno kumaliza. Mwenyekiti akazisoma zilizobaki. Kwa mtu asiyewahi kusikia tusi, alielewa upesi sana.

"Nani aliyeifundisha mashine neno hili?"

"Ni mimi, mwalimu."

Msimamizi alirudi mezani kwake akicheka mpaka mabega yakatikisika. Kumaliza shule, kumaliza ugomvi, kumaliza chunusi: kila mwenye nia ya kumaliza jambo alikuwa amegeuzwa mtukanaji. Alijiambia kwamba yeye ni chujio lililomwaga chai likabakiza majani. Ndipo alipomkumbuka mpwa wake, na kicheko kikamkauka. Yule mtoto alitaka kumaliza nini?

Alifunga mapema, akaenda kwa dada yake. Msichana alikuwa uani anafua sare. Mjomba akachuchumaa kando ya beseni, akamwambia kwamba alimwonea na anaomba radhi, kisha akamuuliza siku ile aliandika nini.

"Niliandika jinsi ya kumaliza."

"Kumaliza nini, mama?"

Msichana aliendelea kusugua kola. "Kumaliza kuongea na mtu. Alisema ni mwanafunzi kama mimi, lakini sasa najua ni mtu mzima. Ana picha yangu, Mjomba. Anasema nisipomjibu ataisambaza shule nzima."

Mjomba akakaa chini kwenye maji ya sabuni. Aliuliza mbona hakumwambia mtu. Mtoto akamweleza, bila hasira, kwamba mashine ilisema ametukana, na mjomba naye akaiamini; akaona kama kuuliza tu ni matusi, kusimulia itakuwa balaa. Siku zote hizo alizokuwa akijitamba, mtoto alikuwa akimjibu yule mtu peke yake, kwa hofu.

Walimwambia mama yake, na kesho yake asubuhi wakaenda polisi, wote watatu. Askari aliyewapokea alikuwa mwanamke mpole. Aliichukua simu ambayo mtoto alimjibia yule mtu, akaandika maelezo, akamuuliza mjomba anafanya kazi gani. Bwana Chujio alijibu kwamba analinda watoto mtandaoni. Sauti ilimtoka ndogo hata askari akamwomba arudie, naye akarudia.

Kisha askari akamgeukia msichana, akamuuliza jambo hili alimwambia nani kwanza.

"Mashine ya Mjomba."

Askari akamtazama Bwana Chujio kama vile anamsubiri asahihishe.

"Andika hivyo hivyo," alisema Bwana Chujio. "Halafu andika kwamba mjomba mwenyewe akaja, akamfukuza."