Paa la Matete la Bibi Barbara

Rosina Bauknecht hakuwahi kuipenda Dakota, huko Marekani, na hakujisumbua kuficha. Alizaliwa katika kijiji cha Wajerumani karibu na Odesa, mahali ambapo nyumba zilishikana, ukikohoa tu jirani anakuuliza hali. Huku mbugani sheria ilimtaka kila mtu ajenge na kuishi kwenye shamba lake mwenyewe, la sivyo serikali inalichukua. Kwa hiyo jirani wao wa karibu, Mnorwei mmoja aitwaye Halvor, kwao alikuwa moshi tu upande wa mashariki. Rosina alifika huko na mumewe Gottfried, binti yao Lidia, na mama mkwe. Kati ya mizigo yote waliyovuka nayo bahari, mama mkwe ndiye aliyekuwa mzito zaidi.

Mama mkwe huyo, Bibi Barbara, alitaka kila kitu kiwe kama nyumbani. Siku ya kuezeka, Halvor alikuja kusaidia akaona matete yamelundikwa uani.

"Jamani, huku tunaezeka kwa udongo," alisema. "Hayo ni kuni mnaweka juu ya vichwa vyenu."

"Wanaoishi chini ya udongo ni panya," Bibi Barbara alimjibu. "Mwanangu ataezeka kama baba yake alivyoezeka."

Gottfried alikuwa mume mwema, lakini mbele ya mama yake aliufyata. Akaezeka matete, tena kwa ustadi, yamekatwa sawasawa ukingoni. Bibi akawa anatoka nje kulitazama paa lake hata wakati wa baridi kali.

Kitu kingine kilikuwa tanuri. Kwa watu hawa, mwanamke mkubwa wa nyumba ndiye mwenye moto. Yeye ndiye hufukia makaa kwenye majivu kabla ya kulala na kuyafukua asubuhi kwa koleo la chuma. Rosina alikuwa mke wa mtu, mama wa watoto, mikono yake imechubuka kwa jembe, lakini lile koleo hakuruhusiwa hata kuligusa. Lilimuuma sana jambo hilo. Akikanda mkate, anayeuweka motoni ni mwingine.

Vuli ile, nyasi za mbuga zikiwa zimekauka, walikuwa wameshapura ngano. Walipura kwa jiwe lililoburutwa na farasi kwenye uwanja wa udongo ulioshindiliwa ukawa mgumu na mweupe, bila hata unyasi mmoja. Uwanja huo ulikuwa kaskazini ya nyumba, mbele ya dirisha la Bibi, ili aone nani anafanya uvivu. Gottfried alipeleka ngano mjini kwa gari la farasi. Kiberiti kilikuwa kimekwisha, angerudi nacho. Na akirudi, aliahidi, angelima ukanda wa udongo mtupu kuzunguka nyumba, kinga ya moto.

Moto haukumsubiri.

Rosina alikuwa anaanika nguo alipoona sungura wanapita uani, wengi, bila kumwogopa. Aliinua macho. Upeo wote wa kaskazini ulikuwa wa kahawia, na upepo ulikuwa unatoka huko huko. Alimbeba mtoto wake mchanga, aliyezaliwa huku Dakota, akamshika Lidia mkono, akawakalisha katikati ya uwanja wa kupuria. Alimleta na ng'ombe pia, akamfunga kwenye lile jiwe.

Lakini alijua uwanja peke yake hautoshi. Ulikuwa mdogo, na kati yake na nyumba nyasi zilifika kiunoni. Moto ukifika ungewazunguka pande zote na kuwabanika hapo katikati. Dawa ilikuwa moja, ile aliyowahi kuwaonyesha Halvor: unazichoma mwenyewe nyasi za upande upepo unakoelekea, halafu unahamia kwenye majivu. Na upepo ulikuwa unaelekea kwenye nyumba.

Alikimbilia ndani. Bibi Barbara alikuwa amekaa mbele ya tanuri, koleo mapajani, midomo ikisali.

"Mama, nipe makaa."

"Ya nini?"

"Nichome nyasi za hapa mbele. Watoto wako uwanjani."

"Uchome uelekeze kwenye nyumba ya mwanangu? Una wazimu wewe? Walete watoto ndani. Kuta ni za udongo, haziungui."

"Kuta haziungui, Mama. Paa je?"

Nje ng'ombe alilia, na Lidia akaanza kuita. Moshi ulikuwa umeshaingia chini ya mlango.

"Nipe koleo!"

"Hii nyumba kaijenga Gottfried kwa mikono yake! Miaka yote hii hujanipenda, sasa umepata sababu ya kunichomea!"

"Ndiyo, sikupendi!" Rosina alipiga kelele, machozi yakimtoka. "Sikupendi, lakini siwezi kuwasha wewe ukiwa humu. Ukikaa, nitarudi kukaa na wanangu tungoje, na wajukuu zako watakufa wakikutazama dirishani. Basi kaa!"

Akatoka mbio. Moto sasa ulionekana, mstari mwekundu chini ya moshi, na mlio wake ulitetemesha ardhi. Aliwafunika watoto kwa shuka lililolowa, akajilaza juu yao. Hakuwa na la kufanya tena, ila kuwachukia wote, Gottfried na mama yake na matete yao.

Ndipo Lidia alipotoa kichwa akasema, "Bibi huyo."

Bibi Barbara alikuwa anakuja akichechemea, koleo mbele, makaa yanawaka kwa upepo. Alifika ukingoni mwa uwanja, akageuka, akalitazama paa lake. Kisha akainama akamwaga makaa kwenye nyasi.

Zilishika papo hapo. Moto wao ulikimbia mbele, ukaparamia ukuta, na matete yakalipuka. Bibi hakupepesa jicho. Rosina alimvuta mkono, wakawaburuta watoto na ng'ombe hadi kwenye ardhi nyeusi iliyokuwa bado inafuka, wakalala kifudifudi. Moto mkubwa ulifika uwanjani, ukakosa cha kula, ukagawanyika ukapita pande zote mbili.

Gottfried alirudi jioni, farasi wanatokwa na povu. Alipowaona wote wazima alipiga magoti akalia. Halafu akaziona kuta tupu, zimesimama bila paa.

"Moto wa mbuga uliruka hadi hapa?" aliuliza.

Rosina akafungua kinywa.

"Nimewasha mimi," Bibi Barbara alisema. "Na safari hii utaezeka kwa udongo."

Tanuri lilikuwa limesimama vilevile, katikati ya majivu. Bibi alilitazama, kisha akamgeukia Rosina na kumwekea koleo mkononi, bado lina joto.

"Haya," alisema. "Watoto wana njaa. Washa."