Soda Katika Sanduku la Ravdna

Watu wa Guovdageaidnu, kijiji cha bara huko kaskazini kwenye theluji, walimjua Ravdna Oskal kwa mambo mawili: mdomo mzito na sanduku. Mdomo mzito alizaliwa nao kule pwani, kwa wazazi wavuvi. Sanduku alilipata baada ya kuolewa bara na Lemet, mfugaji wa reni, wale kulungu wa nchi za baridi, na kujiunga na kikosi cha uokoaji cha kijiji, wale wanaopigiwa simu mtu asiporudi nyikani.

Katika kikosi hicho alikaa miaka mingi, na aliyoyaona hakuyasimulia mezani. Alishampakia kwenye sleji, kile kigari kisicho na magurudumu kinachokokotwa juu ya theluji, mzee mmoja aliyekutwa amechuchumaa, ameganda kwa baridi, kando ya pikipiki yake ya theluji, pikipiki nzima kabisa, mafuta tele kwenye tangi, ila mkanda wa injini umekatika. Mkanda wa akiba ni kitu cha kubeba kwapani. Mzee aliuacha nyumbani ili apate nafasi ya kuweka kiti cha kuvulia samaki.

Tangu siku hiyo sanduku la mbao lililofungwa mbele ya sleji ya Ravdna halikukaa tupu. Alianza na mkanda na plagi. Baadaye akaongeza sepeto la kukunja, shoka, msumeno, jiko dogo na mafuta yake, kisha mfuko mkubwa wa kujikinga na upepo, ambao watu wawili wanaweza kuingia na kukaa goti kwa goti. Nguo kavu za sufu alizifunga kwenye mfuko wa manjano usiopitisha maji, pamoja na dawa na kile kifaa cha satelaiti chenye kitufe cha kuitia msaada. Kila jioni kabla ya safari alivitoa vyote, akavishika kimoja kimoja, akavirudisha.

Shemeji yake Heaika, mdogo wake Lemet, aliliita duka.

"Shemeji, duka limefunguliwa leo?" angeuliza, akigonga kifuniko. "Nikopeshe sigara mbili na kiberiti, nitalipa mwisho wa mwezi."

"Kwako limefungwa, shemeji. Huna adabu," Ravdna angejibu, na Lemet angecheka mpaka ashike mbavu.

Enzi hizo ulikuwa utani. Lemet alipokufa kwa moyo, hospitalini, utani ukabaki lakini ladha yake ikabadilika. Heaika alianza kuchukua pikipiki ya Ravdna bila kuuliza na kuirudisha tangi likiwa kavu. Kwenye vikao vya ukoo kuhusu malisho alisema "reni wetu" hata anapotaja wale waliokatwa masikioni alama ya umiliki ya Ravdna. Ravdna akifungua kinywa, Heaika huwageukia wengine kwa tabasamu: "Msikilizeni mtu wa samaki." Wanaume walicheka, naye akameza. Alimeza mengi. Nyumbani walikuwa yeye na mama mkwe wake, Elle Máret, kikongwe asiyesikia vizuri ila akitaka, na Ravdna hakupenda kumletea bibi wa watu ugomvi wa wanawe.

Ikaja Pasaka, na harusi ya binti wa Heaika. Kijiji kilifurika wageni. Asubuhi ya siku moja kabla ya harusi, jirani alipita na kusema ameona vijana wa wageni wakishindana kwa pikipiki nyuma ya Ziwa Ruovdejávri, karibu na majike wenye mimba. Jike wa reni akikimbizwa majira hayo hutupa mimba. Ravdna alisikia damu ikimpanda. Alikuwa amekagua sanduku jioni iliyopita, mikanda ya kulifungia aliiona imekazwa, akaruka juu ya pikipiki akaondoka na sleji nyuma.

Vijana aliwakuta. Aliwaambia maneno ambayo mtu hayaandiki, wakageuza pikipiki zao kama watoto waliofukuzwa jikoni. Kisha akazunguka mbali zaidi, bonde la pili, kuwatafuta majike waliotawanyika. Huko ndiko upepo ulikomkuta. Theluji ilianza kutembea chini chini kama moshi, halafu ikainuka, na hakuona tena ncha ya pikipiki yake mwenyewe. Alipokuwa akipanda mteremko kuelekea kwenye miti, mkanda ukakatika. Injini ikanguruma bure, chombo hakisogei.

Hakuogopa. Kubadili mkanda ni kazi ya muda mfupi, hata kwa vidole vya baridi. Alirudi nyuma, akafungua sanduku.

Ndani mlikuwa na makreti ya soda ya machungwa. Chini yake, bia. Juu yake, vitambaa vya meza vyeupe vilivyopigwa pasi na kukunjwa vizuri, vya harusi.

Ravdna alisimama. Aliinua kreti moja akatazama chini yake, kana kwamba mkanda ungeweza kuwa umejificha. Akainua jingine. Hakuna sepeto. Hakuna shoka. Mfuko wa manjano haupo, na kifaa cha satelaiti kilikuwa ndani yake. Simu yake bondeni humo haikuwahi kushika mtandao.

"Heaika," alisema. Kisha akapiga kelele jina hilo, matusi yakafuata, ya kibara na ya pwani, na upepo ukayachukua yote.

Alijua ilivyokuwa, kama vile alikuwepo. Heaika alitaka sleji ya kupeleka vinywaji kwenye ukumbi, yake ilikuwa imejaa, akaja uani asubuhi Ravdna akiwa anampa mama mkwe dawa zake, akamwaga vitu vya sanduku mahali fulani, akapakia vyake, halafu mtu akamwita kwenye kahawa. Hakukumbuka hata kuja kusema. Kwa nini aseme? Ni duka tu.

Hasira ilimpa mikono. Aling'oa kioo cha plastiki cha mbele ya pikipiki, akakitumia kama sepeto, akachimba shimo la kujikinga ukingoni mwa theluji iliyorundikana penye miti mifupi. Alichimba kwa fujo mwanzoni, kisha akajikaripia, akapunguza mwendo: mtu akitoka jasho nguo humgandia mwilini, na ndilo kaburi lake. Mwilini alikuwa na visu viwili kiunoni, kiberiti kwenye mfuko wa kifuani, kamba ya kitanzi begani na ngozi ya reni ya kukalia. Alikata matawi akatandika shimoni. Alibandua magome meupe ya miti, yale yanayoshika moto hata yakiwa mabichi. Kisha akachukua kitambaa cha meza cha kwanza, akakichovya kwenye mafuta ya tangi, akakiwasha bila kuona haya. Kilipokaribia kuisha akachukua cha pili.

Usiku ule hauna mengi ya kusimuliwa. Alikaa, akalisha moto, akasugua miguu, akachukia.

Asubuhi upepo ukapungua. Alikuwa akivunja matawi makavu alipousikia mlio wa pikipiki kutoka ng'ambo ya ziwa. Pikipiki moja, imefunguliwa mafuta yote. Akasimama kilimani apunge mkono, akaona dereva anakuja moja kwa moja kuelekea mdomo wa mto, pale ambapo maji hayalali na barafu haijawahi kuaminika, jambo linalojulikana hata na wanaosoma darasa la kwanza.

"Zunguka!" alipiga kelele. "Zunguka, mpumbavu wee!"

Mlio ukakatika. Alipofika chini akikimbia na kuzama magotini, kulikuwa na shimo jeusi katika barafu, na kichwa cha Heaika ndani yake. Pikipiki ilikuwa imekwenda chini. Alikuwa ameegemeza viwiko kwenye ukingo, na kila alipojaribu kujivuta ukingo ulimeguka.

Ravdna alilala kifudifudi mbali na shimo, akatambaa kiasi alichothubutu.

"Misumari yako ya barafu iko wapi?"

Heaika alifungua mdomo, meno yakigongana. "Sina."

Misumari miwili yenye vishikio, ya kuning'iniza shingoni, ya kuchoma barafu na kujivuta. Hakuwa nayo. Hakuwa na kamba, wala begi. Alikuwa amevaa kofia ya sherehe.

"Ningekuacha humo," Ravdna alisema, akikunjua kamba. "Mungu ananisikia, ningekuacha. Pitisha kichwa! Na mkono! Mkono wa pili, Heaika, usinitazame mimi, tazama kamba!"

Kitanzi alichokirusha kilikuwa kilekile cha kukamatia reni pembe. Kilimwangukia begani mara ya kwanza, kikateleza. Mara ya pili kikapita kwapani. Akavuta akirudi nyuma kwa tumbo, ncha za viatu zikitafuta mahali pa kukanyagia. Barafu ikameguka, ikameguka tena, kisha ikashika, na shemeji yake akatoka majini kama gunia la samaki.

Alimpandisha kilimani kwa kumpiga mgongoni kila alipotaka kukaa. Shimoni alimvua nguo zote bila kumwomba radhi, akamfunga vitambaa vya meza vilivyobaki, akamvisha sweta lake mwenyewe la sufu, akamlaza juu ya ngozi karibu na moto, kisha akamlalia mgongoni ampe joto la mwili wake. Hakuna kitu alichowahi kukifanya kwa chuki kubwa kiasi kile.

Baada ya muda mrefu Heaika akaacha kutetemeka ovyo.

"Shemeji," alisema kwa sauti ya kikohozi, "kumbe duka bado..."

"Ukimaliza hiyo sentensi nakuvua sweta."

Akalivuta sweta shingoni. Kisha akasema, "Mama alinitoa nyumbani kwa fimbo. Alikuta mfuko wako wa manjano kibandani kwa mbwa."

"Kwa mbwa."

"Nilitaka kuurudisha."

"Lini? Nikishazikwa?"

Machozi yalimtoka Heaika, na Ravdna aliyaona, na hayakumlainisha hata kidogo.

"Na ulikuja bila mkanda," alisema. "Umejua nimekwama, umekuja kunitafuta, na hukubeba hata mkanda. Ungenifanyia nini ulipofika? Ungeniimbia?"

Kikosi kiliwafikia mchana, kwa kuufuata moshi. Walikuwa wamepita njia ndefu, ya kuzunguka ziwa, kama watu wenye akili. Heaika alipelekwa kliniki, akakaa siku moja, na madaktari wakamkata ncha za vidole viwili. Harusi ilisogezwa mbele kidogo, lakini ilifanyika.

Ravdna alikwenda harusini, kwa sababu bibi harusi hakumkosea lolote. Alivaa gauni lake la bluu na vishikizo vyote vya fedha, akakaa kando ya mama mkwe, akala mchuzi wa nyama ya reni. Kisha Heaika akasimama na bendeji zake, glasi mkononi, aseme machache.

"Mmesikia kwamba nilikwenda kuogelea," alianza, na ukumbi ukacheka. "Shemeji yangu alipotea, basi mimi nikasema, siwezi kumwacha mjane wa kaka yangu kwenye theluji. Nikaenda kumwokoa. Bahati mbaya ziwa nalo lilitaka kuja harusini!"

Kicheko kikawa kikubwa. Watu wakageuka kumtazama Ravdna, wakimtarajia acheke naye.

Ravdna alisimama. Hakuwahi kusimama kwenye shughuli ya watu maishani mwake.

"Sikupotea," alisema. "Nilijua nilipo. Mkanda ulikatika, na mkanda wa akiba huyu aliutoa sandukuni kwangu akaweka soda. Alitoa sepeto, shoka, nguo na kifaa cha kuitia msaada, akavitupa kwa mbwa, hakuniambia. Halafu akaja bila kitu, akapita mdomo wa mto, nikamtoa majini kwa kamba. Nimewabeba wafu kutoka nyikani, wengine ni wa kwenu ninyi mnaocheka. Nimewafumba macho. Sasa chekeni."

Mtu mmoja mwishoni mwa meza, ambaye baba yake alikuwa yule mzee wa kiti cha kuvulia samaki, aliinamisha uso.

"Shemeji, ni harusi hii," Heaika alisema chini chini. "Unaniaibisha mbele ya binti yangu."

"Hukuwa na aibu ya kuniua, unayo ya kusemwa?"

Bibi harusi alianza kulia. Hilo lilimuuma Ravdna, na alimfuata baadaye jikoni akamwomba radhi. Kwa Heaika hakwenda kuomba radhi.

Wapo waliosema amezidi, kwamba mambo ya nyumbani humalizwa nyumbani. Heaika alimtumia ujumbe kwa watu wawili tofauti kwamba amesamehe. Ravdna akawauliza wajumbe wote wawili: amesamehe nini?

Vuli ilipofika, reni walipokusanywa zizini kutengwa, Ravdna aliingia na kamba yake akawatoa wenye alama ya masikio yake, mmoja baada ya mwingine, akawapitisha kwenye mlango wa upande wa pili, kwa jamaa za binamu wa marehemu Lemet, watu wa malisho ya magharibi, ambao tangu hapo angechunga nao. Heaika alisimama juu ya uzio akitazama. Aliita mara moja tu.

"Ravdna! Lemet angesemaje?"

"Angekupiga," Ravdna alisema, na hakugeuka.

Elle Máret alikuwa amekaa kwenye sleji ya Ravdna akifuatilia kila kitu, masikio yake siku hiyo yakiwa mazima kabisa. Kazi ilipokwisha, Heaika alikuja kumchukua ampeleke kwake, kwa kuwa mama hukaa na mwanawe. Kikongwe alimtazama kuanzia viatu hadi kofia.

"Nenda," alisema. "Mimi vyangu nimeshapakia humu." Akamwashiria Ravdna awashe injini.