Fumua, Uanze Tena

Mimi husamehe watu. Yule mwalimu sikumsamehe, na mtu asiniombee.

Binti wa kaka yangu alikuja kwangu Kyumbi kuanza gredi ya saba. Huko kwao milimani alikuwa akienda shule akiimba. Hapa alikataa katakata. Nikambembeleza kwa chapati, nikamshika mkono mpaka darasani. Vitabu alivibeba kwenye kiondo alichokisuka mwenyewe, na alikipenda kuliko viatu vyake vipya.

Mwalimu wa darasa alikiinua kwa vidole viwili, watoto wote wakiona. "Hapa si soko la maharagwe. Rudi nyumbani, uanze tena kama mwanafunzi." Darasa likaangua kicheko. Mimi niko mlangoni, nasikia kila neno. Ngoja tu, nikajisemea.

Kiondo akakitundika ukutani, na wiki tatu nikawa namburuta shuleni. Jumatatu tumbo linauma, Jumamosi limepona! Asubuhi moja akaniambia, "Anti, nirudishe kwetu nichunge mbuzi. Shule imenishinda." Nililia jikoni, na yalikuwa machozi ya hasira.

Lakini Mungu si Athumani. Somo la sanaa likafika kwenye kusuka vikapu, na mwalimu yule yule akaja kwenye kibanda changu cha matunda, sauti laini kama uji. "Mama, nimesikia unajua kusuka. Njoo unisaidie, mimi hata kuanza sijui."

Weee! Utamu nilioupata siku hiyo! "Mimi niko na ndizi za kuuza," nikamjibu. "Aliyesuka kile kiondo uko naye darasani. Mwombe yeye."

Akamwomba. Siku ya somo nilifunga kibanda nikaenda kuchungulia dirishani, ningekosaje? Sasa, kwetu Ukambani kitako cha kiondo kikienda upande hakuna kukirekebisha. Kinafumuliwa chote. Mwalimu alikuwa amehangaika nacho kipindi kizima, jasho puani, na kilikuwa kimepinda vibaya. Msichana wangu akakiinua kwa vidole viwili, watoto wote wakiona.

"Hiki hakifai, mwalimu. Fumua, uanze tena."

Darasa likaangua kicheko kile kile. Mwalimu akainamisha kichwa, akafumua uzi mmoja mmoja. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu je? Niliuma leso nisipige kigelegele.

Jumatatu niliingia chumbani kumwamsha. Kitanda kilikuwa kimetandikwa, sare na vitabu havipo, na kiondo hakikuwa ukutani.