Wake Watatu Katika Mstari Mmoja

Biashara huria iliporuhusiwa nchini, ofisi yetu ya kuchora ramani za viwanja pale Mwanza iliuza meza za kuchorea ikanunua kompyuta. Wachoraji wenzangu walipunguzwa. Mimi nilibaki kwa sababu nilimwambia bosi kwamba Lisp, lugha ya kuiamuru programu ya kuchora, nimeielewa. Nilikuwa nimeielewa nusu.

Mistari haikunisumbua. Maneno ndiyo yaliyonifunga. Toleo letu la programu hiyo liliweza kuunganisha maandishi na kuyakata kwa kuhesabu herufi, basi. Halikuwa na amri ya kutafuta nafasi kati ya neno na neno. Tena maandishi yakizidi urefu fulani, lilikataa yote. Nikaandika amri ya kukata kilichozidi, nikamwambia bosi kazi imekwisha.

Kiwanja kimoja cha kule mtaa wa Pasiansi kilikuwa cha marehemu mwenye wake watatu. Familia ilitaka wajane na watoto waandikwe wote kwenye ramani kama warithi, kwa heshima zao: mke mkubwa na wanawe, wa pili na wanawe, mdogo mwishoni. Mke mdogo alikuja kuitazama kabla haijapigwa muhuri. Alifuata maandishi kwa kidole mpaka yakaisha.

"Kaka, mbona sijioni?"

"Mashine imejaa, mama."

"Imejaa? Wenzangu wamekaa na watoto wao wakaenea, mimi ndiye nimekosa kiti?"

Bosi alisimama mlangoni. "Kuna tatizo?"

Ningesema kweli, ningewafuata wale waliopunguzwa. Nikasema, "Hapana, mzee. Ndio utaratibu wa ramani hizi mpya."

"Basi nipe kalamu nijiandike mwenyewe," mama akasema.

Nilimwambia hairuhusiwi. Ramani ikapigwa muhuri mchana ule ule.

Baadaye nilipata njia: kurudi nyuma herufi moja moja mpaka nikute nafasi, nikate pale, kilichobaki kishuke mstari wa pili. Mabano machache tu ya Lisp. Ilikubali nilipoijaribu mara ya kwanza, na sikufurahi.

Nikaenda Pasiansi kuomba tuichore ramani upya. Mtoto mkubwa wa mke mkubwa alinipa shikamoo na kiti, akanisikiliza hadi mwisho.

"Kwani ule muhuri una kasoro, mzee?"

Hata pale nilikuwa na nafasi ya kusema kweli. Nilimfikiria bosi, nikasema hauna.

"Basi ramani yetu ni hiyo."

Nilimuuliza mama mdogo yuko wapi. Akasema amehamia Mkolani na watoto, wamepanga chumba.